Mzigo Usio na Uzito

Wazee wenzetu mlio na vijana nyumbani hamkosi kuujua mchezo wa simu uitwao Minecraft, hata kama jina lake hamlijui. Ni mchezo wa kutafuta kuishi: mtu huanza porini mikono mitupu, akakata miti, akachimba mawe, akajijengea pa kulala kabla giza halijamwingilia. Vijana wetu wa chuo hapa Tabora huucheza baada ya darasa, nasi hatuwakatazi, maana una hesabu ndani yake na una kupanga. Walakini tumeutazama kwa makini, na kitu kimoja kimetushinda kukimeza, nacho ni mfuko wa yule mchezaji.

Mfuko huo una nafasi 36. Kila nafasi yaingia matofali 64 ya mawe, na kila tofali ni mita 1 kwa urefu, mita 1 kwa upana na mita 1 kwa kimo. Tulimwita kijana mmoja afanye hesabu ubaoni, akapata matofali 2,304. Mita moja ya ujazo ya jiwe gumu ina uzito upatao tani 2 na nusu. Basi mtu yule amechukua zaidi ya tani 5,700, na bado yuakimbia, yuaruka, yuaogelea, wala jasho halimtoki. Darasa zima likacheka. Ndipo tukawauliza: je, mtu wa kweli huchukua kiasi gani, na kwa siku ngapi? Hakuna aliyejua, ilhali wote wamezaliwa katika mji uliosimama juu ya mabega ya wapagazi.

Kwa hakika jambo hili lajulikana vema. Katika karne ya 19 mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi, aghlabu, ulikuwa frasila 2, yaani kiasi cha kilo 32. Juu ya hizo aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, silaha na akiba kidogo ya chakula. Nguo zilifungwa kwa fito zikawa kama mto mrefu, na ncha za fito zikaachwa zitokeze, ili mzigo usimamishwe penye mti usilowe, na mwenyewe aweze kuuingia kwa bega pasipo kuinama sana. Mzigo huo ndio ulioitwa mtumba. Leo vijana wauziwao mitumba sokoni hawajui kwamba wanalitaja bega la babu zao. Mtu wa pwani alipenda kujitwika kichwani, bali Mnyamwezi alichukua begani mpaka pakafanya sugu. Pembe kubwa za ndovu walipewa wenye nguvu kuwapita wenzao, nao walitangulia mbele, karibu na kirangozi.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hii, aliandika kwamba upagazi kwa Wanyamwezi ulikuwa kipimo cha uanaume. Hatumsifu kwa mengi aliyoyasema juu ya watu wetu, lakini hilo aliliona.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo watengenezaji wa michezo wameiruka. Burton aliwasili Kaze, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba 1 cha nafaka kwa siku, kiasi cha gramu 680. Zidisheni: kwa siku 134 mtu mmoja ahitaji kilo 91 za nafaka. Hiyo ni karibu mara tatu ya mzigo alioajiriwa kuuchukua! Lau angejichukulia chakula chake chote, asingebaki na nafasi ya uzi mmoja wa bwana wake. Hata msafara uendao kwa nusu ya siku hizo usingeweza.

Kwa hiyo msafara haukuishi kwa nguvu za mabega peke yake. Uliishi kwa mashamba ya watu waliokaa njiani, kwa mtama wa Wagogo na mahindi ya vijiji, ambavyo vilinunuliwa kwa zile nguo na shanga zilizochukuliwa. Mahali pasipo shamba wala maji, kama katika nyika ya Mgunda Mkali, watu walifanya terekeza: waliondoka mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala bila maji, kisha asubuhi wakayafikia. Mvua ikikosekana Ugogo, mwenye frasila 2 na mwenye frasila 1 hali yao ilikuwa moja.

Wala uzito haukuamuliwa na tajiri pekee. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye ujira. Mizigo ilipogawanywa palizuka ugomvi mkubwa; kila mtu aliinua, akapima kwa bega, akakataa. Aliyezidishiwa aliutua mzigo akatoroka, na msafara ukakwama. Hatusemi kwamba wote walikuwa na uhuru huo. Katika njia ile ile walipita watumwa, na wao hawakuulizwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi hiyo ilianza kufa, ikafufuliwa kwa nguvu katika vita vya 1914 hadi 1918, watu walipokamatwa kuchukua mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Vijana wametuarifu kwamba uko mchezo mwingine, Death Stranding, uliotoka mwaka 2019, ambao shujaa wake ni mpagazi hasa. Mzigo ukipangwa vibaya humyumbisha, akaanguka mtoni, na viatu vyake huchakaa. Huo tumeupenda zaidi, japo hatujaona humo mtu akikataa mzigo.

Tumeyaandika haya kwa sababu ya mwanafunzi wetu mmoja, mwenye miaka 17, aliyeacha kuja darasani siku za kazi ili ashushe magunia kwenye malori. Sheria ya vipimo yataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini wasomaji mwaijua lumbesa: gunia hushindiliwa, kisha hushonewa kilemba juu yake. Kule Kilimanjaro mpagazi wa watalii hupimiwa mzigo langoni, na kiwango chake ni kilo 20. Kijana wetu alitwikwa mara sita ya huo, na kuzidi. Ni kweli kwamba yeye huenda hatua chache tu. Lakini huzirudia mara arobaini kabla ya adhuhuri.

Tulimwendea mfanyabiashara mmoja, mtu wa kuswali safu ya mbele. Akatujibu kwa upole kwamba yeye hulipa kwa gunia, wala si kwa kilo. Basi gunia kwake ni kama nafasi moja ya ule mfuko wa mchezo; kilichomo ndani hakina uzito. Hatukubishana naye. Aijuaye hadithi ya Abu Dharr juu ya watumishi hana haja ya kusomewa na sisi. Tulimwomba jambo moja tu, kwamba gunia lipite kwenye mizani kabla ya kupita mgongoni, na lililozidi lishushwe na watu wawili.

Alisema atafikiri. Kijana bado huja chuoni usiku wa Alhamisi. Hukaa ameegemea ukuta, kwa kuwa kukunja miguu kwamuumiza kiuno, na msahafu humshikia mdogo wake.