Nibu ya Marehemu

Kalamu mbili zilikuwa zikilala pamoja katika kijaluba cha bati, na kila mtu wa nyumba ile ya Urambo alijua kwamba hazichezewi. Moja ilikuwa Conway Stewart, kazi ya Uingereza, yenye nibu ya dhahabu ya karati 14. Ya pili ilikuwa ya Kihindi, nyeusi, ya eboniti, ambayo ni mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Hii haikuwa na mfuko wa wino; wino hutiwa kwa kidondoshi moja kwa moja tumboni mwake.

Mwenyewe alikuwa karani wa tumbaku. Waingereza walikuja Urambo na mradi wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache baadaye, na ardhi ile ile ikaja kulimwa tumbaku. Basi mchana kutwa karani aliandika uzito na bei kwa herufi za Kirumi, kwa kalamu ya Kihindi. Usiku, taa ikishawashwa, alifungua ile ya Kiingereza. Hiyo ilikuwa ya hati za Kiarabu, na ya utenzi wake wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Nibu ya kalamu hiyo ya usiku haikuwa tena kama ilivyotoka kiwandani. Karani alifundishwa kuandika chuoni kwa kalamu ya mwanzi, na mwanzi hukatwa ncha kwa mshazari, ili mistari ya kulala iwe minene na ya kusimama iwe myembamba. Huo ndio uzuri wa hati. Nibu za Ulaya hufanya kinyume. Kwa hiyo aliinoa ile ya dhahabu juu ya kinoo laini, siku baada ya siku, hadi ikatii. Kazi hiyo yataka subira, kwa sababu ncha ya nibu ya dhahabu huchomelewa punje ndogo ya madini magumu ya jamii ya platini; ukiimaliza punje hiyo, umebaki na dhahabu tupu, na dhahabu haina nguvu mbele ya karatasi.

Alifariki akiwa ameufikisha utenzi ubeti wa 63.

Mwanawe, mwalimu aliyekwisha kustaafu, alishuka kwenye treni kutoka Tabora na kukifungua kijaluba. Conway Stewart ilikuwa imekwisha: mfuko wake wa mpira umegeuka lami, na mwili umepasuka penye uzi wa kifuniko. Nibu tu ndiyo iliyokuwa nzima. Katika ile ya Kihindi mambo yalikuwa kinyume, mwili mzima na nibu ya chuma imeliwa na kutu. Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo lingemjia yeyote: nibu ya hii iingie katika mwili wa hii, na ubeti wa 64 uandikwe kwa wino ule ule na ncha ile ile, msomaji asijue pa kuungia.

Kubadilisha nibu si kazi ya mabavu. Alizilowesha kalamu katika maji vuguvugu usiku kucha, wino mkavu ukalegea. Akashika nibu pamoja na ulimi ulio chini yake kwa kitambaa, akavuta bila kupindua. Ulimi huo ndio roho ya kalamu. Una mfereji mwembamba unaopeleka wino kwenye ufa wa nibu, na kwa njia hiyo hiyo hewa hupanda kushika nafasi ya wino ulioshuka. Nibu isipoulalia barabara, wino hukatika au humwagika. Nibu ya dhahabu ilikuwa pana kidogo kuliko ya chuma, nayo haikunjwi kwa koleo. Kwa hiyo aliuchovya ulimi wa eboniti katika maji ya moto, ukalainika, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukafuata mgongo wa nibu. Ilimchukua siku tatu. Kidole kilibabuka.

Kalamu iliandika. Ilidondosha tone kila wino ulipokaribia kwisha, kwani hewa iliyojaa tumboni hupata joto la mkono, hutanuka na kuusukuma wino nje, lakini iliandika.

Urambo, kwa kweli, imezoea maneno ya mtu mmoja kupita katika mkono wa mwingine. Barua za mtemi Mirambo zilizomfikia John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, ziliandikwa na mikono ya watu wengine. Mwaka 1879 daktari Ebenezer Southon alifika kufungua misheni ya Chama cha Wamisionari cha London, na bila shaka nibu ya chuma ikawa jirani wa mwanzi wa makarani wa pwani. Mirambo alifariki Desemba 1884, mwaka ule ule ambao Lewis Waterman alipata hataza yake ya kalamu ya wino huko Marekani. Ni kiasi gani cha mtemi kilichobaki katika barua hizo, na kiasi gani ni cha karani?

Mwalimu alijizoeza hati kwa wiki mbili. Nibu ilimkwaruza. Baba yake aliilaza kalamu chini, karibu na bonde la kidole gumba, na miaka yote hiyo ncha ilikuwa imelika kwa ulalo huo. Yeye, mtu wa chaki, aliisimamisha. Alipojaribu herufi za Kirumi, mambo yalikuwa ya kuchekesha: kila kilichopaswa kuwa chembamba kilinenepa, na maneno yakaonekana kama yamelala usingizi.

Hata hivyo aliandika ubeti kwa hati za Kiarabu, akampelekea mama yake, aliyesoma chuoni na hajui herufi nyingine. Bibi alisoma polepole, akapita ubeti wa 63, akasimamisha kidole.

"Mwanangu, hapa marehemu hayupo."

"Nibu ni yake, mama."

"Naiona. Lakini alif yake naijua, ilikuwa ikiinama kidogo. Hii imesimama kama askari." Kisha akaongeza, bila ukali: "Na ulitaka kunidanganya mimi?"

Mwalimu hakujibu. Jioni ile aliloweka kalamu tena, akaichomoa nibu ya dhahabu, akaifuta na kuirudisha katika kijaluba, juu ya kipande cha pamba. Kalamu ya Kihindi aliitafutia nibu mpya ya chuma, ya kawaida. Ulimi, uliokwisha kuzoea mgongo mwingine, ilibidi uchovywe tena katika maji ya moto.

Daftari lipo. Ubeti wa 63 unakwishia upande wa kushoto, kama hati za Kiarabu zinavyokwisha. Wa 64 unaanza kushoto hapo hapo, chini yake, kwa herufi za Kirumi, na mwalimu humsomea mama yake kwa sauti.