Lamwia: Kilele Tunachokiona Kila Siku Bila Kukijua

Mkazi wa Kianda, pale Kibera, hahitaji redio kujua kwamba mvua inakuja. Hutazama kusini-magharibi, inakosimama Milima ya Ngong. Ikiwa imejifunika wingu zito, akina mama huanua nguo nao wanaume hutafuta misumari ya kukaza mabati.

Hata hivyo, wengi wetu tumeitazama milima hiyo miaka nenda miaka rudi bila kuikanyaga. Nami nilikuwa miongoni mwao, hadi mpwa wangu wa miaka kumi na minne aliponiuliza: "Mjomba, kule juu kuna nini?" Niliona haya, kwa maana sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata tulidamka alfajiri, tukatembea hadi barabara ya Ngong na kuabiri matatu nambari 111. Jina Ngong latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Wasimulizi nao husema jitu lilijikwaa kwenye Kilimanjaro, likaanguka, na alama za mkono wake zikawa vilele hivyo.

Wageni wengi huishia upande wa kaskazini, kwenye mitambo ya upepo inayozalisha umeme, ambayo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993. Sisi tulilipa ada langoni, tukafuata mgongo wa milima kuelekea kusini, kupanda na kushuka, hadi Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari.

Huko ndiko nilikopata jibu. Mashariki ni kijani kitupu: Karen, msitu wa Ngong, na nyuma yake jiji. Magharibi, ardhi yaporomoka hadi Bonde la Ufa, kukavu, na mlima Suswa kwa mbali. Sababu ni kwamba pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi. Zikifika hapa hupanda, hupoa na kumwaga maji upande wetu, kisha huvuka zikiwa karibu tupu. Wingu lile tunaloliogopa Kianda kwa kuwa hufurisha mitaro na kuingiza maji majumbani, mfugaji wa upande wa pili hulingojea kwa miezi.

"Mjomba, nyumba yetu iko wapi?" kijana akauliza. Nikamwonyesha upande, lakini haikuonekana.

Msomaji, ukitaka kwenda, nenda na wenzako, omba askari wa misitu awasindikize, na usisahau maji na sweta. Anza mapema, kwani ukungu huko hauna miadi.

Usiku ule mvua ilinyesha Kianda. Kijana aliweka karai pale paa linapovuja, akasikiliza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, na kule upande wa pili, je, imenyesha?"