Sifuri ya Mbele

Dada yangu ana mashine ya kukoboa na kusaga mahindi hapa Songea, upande wa Lizaboni. Kwa miaka mingi aliandika ankara zake kwa mkono, katika kitabu chenye karatasi ya kaboni, kisha akagonga muhuri. Mwaka jana biashara ikaandikishwa kuwa kampuni, akaunti ya benki ikafunguliwa kwa jina la kampuni, na mwanawe akamwekea programu ya ankara katika kompyuta. Kazi ya kujaza maelezo ya benki nikapewa mimi.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe ndiwe uliyesomea kuandika. Keti hapo uniandikie."

Nikaketi, tena kwa majivuno. Nilimkumbuka marehemu baba yetu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, ambaye taabu hii hakuijua. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Na kwa muda mrefu mfanyabiashara wa Bara akisema "benki" hakuna aliyemwuliza ipi. Sheria ya 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1997 benki ile kubwa ikagawanywa, ikazaliwa NMB. Siku hizi ankara isiyotaja benki, tawi, jina la akaunti na namba yake ni sawa na barua isiyo na anwani.

Programu yenyewe imetungwa ng'ambo. Kisanduku kimoja kilidai IBAN, nami nikakitumbulia macho kwa dakika nyingi. Hiyo ni namba ya akaunti inayotumika katika nchi nyingi, hasa za Ulaya: huanza na herufi mbili za nchi na tarakimu mbili za uhakiki, hata mtu akikosea tarakimu moja kompyuta hutambua na kukataa. Tanzania hatuitumii. Nikakiacha kitupu. Msimbo wa SWIFT niliuweza, kwa kuwa herufi ya tano na ya sita ni TZ, na hilo lilinipa moyo. Namba ya akaunti niliinakili kutoka barua ya benki, nikaichapa kwanza katika jedwali la kompyuta pamoja na maelezo mengine, kisha nikaihamishia katika programu. Nikanywa chai, nikaaga.

Ilikuwa Julai. Wenyeji wa Ruvuma wanajua maana yake: wakulima wanashusha mahindi, bei iko chini, na mwenye fedha mkononi ndiye anayejaza ghala. Dada alikuwa akingoja malipo ya mifuko 80 ya unga kutoka shule moja ya bweni. Juma la kwanza likapita, na la pili. Vijana watatu wa mashineni walikuwa hawajapata mshahara. Mhasibu wa shule, mzee mpole aliyekuwa akinunua unga kwake tangu enzi za kaboni, alimwambia katika simu kwamba fedha ameshazituma. Dada akamjibu maneno ambayo sitayaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Neno "mwongo" ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote.

Jumanne jioni mpwa wangu alikuwa akilinganisha ankara na barua ya benki. Akaniita kando.

"Mjomba, mbona sifuri ya mbele haipo?"

Nikatazama. Namba ya dada huanza na sifuri. Jedwali la kompyuta lilidhani nimeandika hesabu, na katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Likaifuta bila kuniuliza. Lakini namba ya akaunti haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina likipungua herufi ni jina la mtu mwingine, au la mtu asiyekuwapo. Fedha za mzee yule zilikuwa zimekwenda kwa asiyekuwapo, zikakataliwa, zikaanza safari ya kurudi.

Nilipaswa kusema saa ile ile. Sikusema. Nilimwomba mpwa wangu anyamaze, nikaenda kulala, na usingizi haukuja. Ni Jumatano asubuhi, mashine ikiunguruma, nilipomweleza dada. Hakunigombeza. Alizima mashine, akafuta unga mikononi, akauliza: "Ankara ngapi zimekwisha kutoka?"

Kumi na nne. Tulipiga simu kumi na tatu. Ya kumi na nne tuliifuata kwa miguu yetu, sisi wawili, hadi ofisi ya mhasibu. Dada aliomba radhi akiwa amesimama, ingawa alipewa kiti. Mimi nilisema kosa ni langu. Mzee akafungua saraka, akatoa karatasi ya benki inayoonyesha siku aliyotuma, akaisogeza mbele ya dada bila neno. Kisha akaomba namba iliyo sahihi, akaiandika kwa kalamu ya wino.

Fedha ziliingia baada ya siku tano. Bei ya mahindi ilikuwa imepanda, na ghala halikujaa.

Safu ile ya jedwali sasa nimeiamuru iwe ya maandishi, si ya hesabu. Hata hivyo kabla ya ankara kutoka, dada humwita mwanawe asome namba kwa sauti, naye hufuatisha kwa kidole juu ya barua ya benki. Kijana huanza na sifuri. Nikiwapo, huitamka kwa nguvu zaidi.