Maneno Mawili kwenye Daftari

Mimi najiita mwandishi. Nina madaftari manne ya mashairi chini ya godoro, yote yamejaa. Lakini daftari lililonitoa jasho ni lile dogo la mpwa wangu, tulilonunua dukani ili daktari apate pa kuandikia.

Dada yangu anaishi Msimbati, huku pwani, kabla hujafika mlango wa Ruvuma. Mwaka jana gego la mwanawe lilioza hadi shavu likaumuka kama andazi. Wakapanda gari alfajiri, nikawapokea Mtwara mjini. Kwetu Wamakonde mjomba si mgeni kwa mtoto wa dada yake. Kliniki moja, jina naliacha, ikampa dawa ya usingizi, jino likatoka. Ila mtoto alilala mpaka magharibi. Dada anamwita, anampigapiga mashavu, analia. Nesi anasema, "Msiogope, ataamka tu." Kweli aliamka. Tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Mwaka huu likaoza la upande wa pili. Safari hii tulikwenda hospitali nyingine. Daktari, kijana tu kama mimi, akasoma daftari, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Mjomba, mara ile alipewa dawa gani?"

Kimya.

"Kiasi gani? Alikuwa na kilo ngapi?"

Nikasema alichelewa kuamka.

"Alipewa saa ngapi, akaamka saa ngapi?"

Nikabung'aa. Daftarini mlikuwa na maneno mawili: Jino limeng'olewa.

Hakutugombeza. Alimpandisha mtoto kwenye mizani: kilo 15. Akatueleza kuwa dawa hizi hupimwa kwa uzito. Ukikisia kilo 20 kwa sababu mtoto ana miaka 6, kumbe ana 15, umemzidishia theluthi nzima ya dozi. Je, ndivyo ilivyokuwa mwaka jana? Nani atatuambia, bwana, na hakuna aliyeandika!

Siku ile hakung'olewa, maana alikuwa amekula chapati njiani. Akapewa dawa ya maumivu, tukarudi kesho yake, tumbo tupu. Daktari akachora jedwali kwa rula: saa, mapigo ya moyo, pumzi, na oksijeni inayosomwa na kile kibanio cha kidoleni. Nesi mmoja kazi yake ikawa kumtazama mtoto na kuandika, basi. Nilipouliza, daktari akasema hata mwongozo wa vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa meno ya watoto, uliopitiwa upya mwaka 2019, unataka hivyo: usingizi wa wastani, andika walau kila dakika 10, mzito, kila dakika 5. Na mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka awe macho, nayo yaandikwe.

Njiani nililisoma lile jedwali. Tarakimu tupu, lakini nilimwona mpwa wangu akizama usingizini, kisha akirudi kidogo kidogo. Mashairi yangu yote hayajanifanyia hivyo.

Msomaji mwenzangu, ukimpeleka mtoto, usitoke kabla hujauliza: dawa gani, kiasi gani, kilo ngapi, alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi. Yaandikwe. Siku moja atayahitaji daktari ambaye hakuwepo, na wewe utakuwa umeshasahau.