Kwenye Gari la Mwanasaikolojia wa Shule

Mwishoni mwa Oktoba jua la Louisville huchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa kuwa jiji hilo liko upande wa magharibi kabisa wa ukanda wa saa za mashariki mwa Marekani. Tuliingia barabara kuu ya I-64 kukiwa bado giza: mimi, mkalimani wa Kiswahili ambaye nilikuwa sijawahi kutoka nje ya jiji kikazi, na yeye, mwanasaikolojia wa shule katika kaunti moja iliyo njia ya kwenda Lexington. Kiti cha nyuma kilijaa mabegi ya magurudumu, nikadhani anahama nyumba. Kumbe ni zana zake za kazi: vitabu vya picha, vipande vya rangi vya kupangwa, saa ya kupimia sekunde, na sanduku la mafaili lenye kufuli. Anahudumia shule tatu, na katika mojawapo ofisi yake ni chumba kilichokuwa stoo ya vitabu.

Nilimwuliza amesomea nini hasa. Kwetu Kigoma, ukitaja saikolojia, wengi huwaza hospitali ya akili ya Mirembe na wagonjwa wake. Akaniambia alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla ya kurudi chuoni. Baada ya shahada ya kwanza alisoma miaka mitatu zaidi, krediti 60, kisha akafanya fildi ya saa 1,200, ambazo angalau nusu yake lazima ziwe ndani ya shule. Ndipo jimbo likampa cheti. Si daktari na haandiki dawa. Kazi yake ni mtoto anayeshindwa kujifunza, anayepigana, anayelia chooni, au aliyefiwa. Na walimu na wazazi wanaobaki na mtoto huyo yeye akishaondoka.

Tulipoipita Shelbyville kulikuwa kumepambazuka, na uzio wa mashamba ya farasi ulionekana pande zote mbili. Watu wa huko huuita mji wao makao makuu ya dunia ya farasi wa American Saddlebred. Mwenzangu hakuwatazama farasi. Katika masimulizi yake alikuwa amefika Philadelphia, mwaka 1896. Mwaka huo mwalimu mmoja alimpeleka kwa Lightner Witmer, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mvulana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Witmer alipomchunguza aligundua kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa macho, na mtoto akapatiwa miwani. Kliniki iliyoanza hivyo ndiyo huhesabiwa kuwa chimbuko la fani. Mwaka 1915 jimbo la Connecticut likamwajiri Arnold Gesell, mtu wa kwanza Marekani kuitwa rasmi mwanasaikolojia wa shule.

Akasema, "Macho na masikio kwanza. Ukianza na akili, utakuta akili mbovu kila mahali."

Chama chao cha kitaifa kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Wastani halisi nchini humo ni zaidi ya wanafunzi elfu moja kwa kila mmoja. Nadhani ndiyo sababu alikuwa anakula mkate huku akiendesha.

Shuleni alikwenda kwanza kukaa nyuma ya darasa la nne, na mimi nikaachwa kwenye korido. Alikaa humo karibu saa nzima, akiandika kila baada ya muda mfupi mtoto tuliyemwendea anafanya nini, na mwenzake aliye jirani anafanya nini, ili apate cha kulinganisha. Baadaye tukaingia chumba cha mkutano. Mama alikuwa amekwishafika, na kitenge chake kilionekana chini ya koti zito. Ni Mbembe wa Fizi, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mwanawe amezaliwa humo kambini.

Aliponisikia namwamkia, akanigeukia mimi badala ya walimu waliokuwepo. "Papa, uwaambie hawa watu mutoto yangu hana wazimu."

Nikawaambia, neno kwa neno. Mwanasaikolojia akajibu kwamba hakuna aliyesema hivyo, na hakuna atakayempima mtoto kabla mama hajaelewa anapimwa nini na kukubali kwa maandishi. Halafu akaanza kuuliza. Hapo ndipo nilipoiona kazi yake, kwa kuwa katika mkutano mzima hakufungua hata begi moja. Mimba ilikuwaje? Mtoto alianza kutembea lini? Aliwahi kuumwa malaria ya kichwani? Kambini alisoma hadi darasa la ngapi, kwa lugha gani, darasani walikuwa wangapi?

Mimi na mama tulijua jibu la lugha, wale walimu hawakulijua. Shule za Wakongo wa Nyarugusu hufuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akiongea Kibembe na bibi yake, na Kiswahili uwanjani, alianza kusoma kwa Kifaransa, na kabla hakijakolea akaletwa Kentucky kusoma kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa aliacha kuandika akanitazama, kana kwamba habari hiyo nimeitunga mimi.

Sheria ya Marekani, ambayo mzizi wake ni ile iliyosainiwa na Rais Gerald Ford mwaka 1975, inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu ikiwa sababu kuu ni kukosa mafundisho ya kufaa au kutojua Kiingereza vizuri. Inakataza pia kutegemea kipimo kimoja. Haikutoka hewani. Mwaka 1970, huko California, wazazi wa watoto tisa wenye asili ya Meksiko walikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika madarasa ya waliodhaniwa wana upungufu wa akili. Mmoja wao, aliyeitwa Diana kwenye kesi, alipata alama 30. Alipopimwa tena kwa Kihispania na Kiingereza alipata 79. Natamani kila mtu anayeshika fomu ya kupima watoto awe anaijua kesi hiyo, na siwasemi Wamarekani peke yao.

Mwanasaikolojia akauliza tena juu ya masikio. Mama akafikiri kidogo. Ndiyo, sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha tangu utotoni. Kambini walimpa dawa likakauka, likarudi. Hapa hajalitaja kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Fomu zikaletwa, moja ya uchunguzi wa masikio, nyingine ya tathmini kamili. Mama akauliza ni dola ngapi. Hakuna malipo, akajibiwa. Akatia saini ya kwanza. Ya pili akaikunja.

"Hii nitaongea na baba yake, na pasta."

Mwalimu mkuu alitaka kusema neno. Mwanasaikolojia akamwahi: ni haki yake, na zile siku 60 za masomo ambazo Kentucky inawapa kukamilisha tathmini na kuamua hazianzi mpaka saini ipokewe. Akamwandikia mama namba ya simu ya shule. Kisha akaangalia saa na kuburuta mabegi yake kuelekea garini, kwani shule ya pili ilikuwa inamsubiri na mvulana aliyempiga mwalimu kwa kiti.