Mpwa Wangu na Samaki wa Ziwa Harriet

Dada yangu hakunialika Minneapolis kutembea tu. Mwezi mzima kabla ya safari alikuwa akinieleza kwa simu jambo lile lile kwa maneno tofauti: kwamba mwanawe wa kiume, aliyetimiza miaka 14, amemshinda, na kwamba mimi, nikiwa mjomba wake, nije nimtazame, na nikiona inafaa nirudi naye Mombasa asomee huku. Wazazi wetu wengi walioko ughaibuni wanaijua njia hii. Mtoto akianza kupotea hurudishwa kwa bibi na wajomba. Wengine hunyooka, na wengine hukaa miaka na kinyongo ambacho hakiwatoki. Nimewasomesha wawili watatu wa namna hiyo darasani mwangu, kwa hivyo sikuwa mwepesi wa kutoa jibu.

Nilifika mwanzo wa Oktoba, majani ya miti yakiwa yamegeuka manjano na mekundu, na baridi ya alfajiri ikinikumbusha kwamba koti nililoazima Mombasa lilishonwa kwa ajili ya Nairobi. Shemeji yangu ni dereva wa lori la masafa marefu na huonekana nyumbani mwisho wa wiki. Mashtaka niliyapokea jikoni siku ya kwanza. Kijana akitoka shule haingii ndani. Huchukua fimbo yake ya kuvulia na kwenda ziwani hadi giza. Alama zake zimeshuka. Mwalimu wake wa Kiingereza ameandika barua kusema kwamba hata ukurasa mmoja haandiki. "Na angalau basi angeleta samaki, kaka," dada akasema. "Miaka miwili anavua, sijakaanga hata mmoja."

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa mrefu kuliko nilivyomtazamia, mpole, mwenye kutazama chini. Kiswahili chake ni cha kusikia. Ukimsemesha hufahamu yote, kisha hukujibu kwa Kiingereza. Nilimwita "mjomba", kama marehemu baba yangu alivyowaita wapwa zake, naye akatabasamu kwa kuwa alidhani nimekosea, kwamba mjomba ni mimi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya siku ile.

Siku ya pili nikamfuata ziwani.

Jimbo la Minnesota lina maziwa zaidi ya 10,000, na baadhi yake yamo ndani ya mji wenyewe. Ziwa Harriet liko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwa dada yangu, na ukilizunguka kwa miguu ni kama kilomita 5. Watu hukimbia kandokando yake, wengine huendesha baiskeli, wengine husukuma vitoto katika vigari. Ni mahali pa starehe, na mimi mtoto wa Takaungu sikuamini kwamba ndani ya maji yale yaliyotulia kama ya birika mnaweza kuwa na kitu cha haja. Mpwa wangu alisimama mwisho wa gati la mbao, akatoa katika kisanduku chake chambo cha bandia kirefu kama mkono wangu kuanzia kiganja hadi kiwiko, chenye ndoana za ncha tatu. Nilicheka. Baba yangu alivua changu na tewa kwa kipande cha ngisi kisichozidi kidole.

Akaniambia kwamba hamtafuti samaki yeyote. Anamtafuta mmoja tu. Huyo huitwa maski. Yeyote kati yenu aliyewahi kumwona mzia wa miambani atakuwa na picha yake: mwili mrefu kama gogo, taya lililojaa meno ya sindano, na tabia ya kutulia tuli katika majani ya majini hadi mawindo yapite, kisha kuruka mara moja. Tofauti ni kwamba mdomo wa maski ni bapa kama wa bata, na rangi yake ni ya kijani iliyochanganyika na shaba, na mistari myeusi ubavuni. Wavuvi wa huko humwita samaki wa marusho elfu kumi, kwa maana unaweza kurusha mshipi mara elfu kumi kabla hujampata mmoja. Tena ana tabia ya kukera: hukifuata chambo hadi miguuni pako, akakutazama, akageuka akaenda zake. Kwa sababu hiyo mvuvi wa maski hakitoi chambo majini kinapomfikia. Huichovya ncha ya fimbo na kuchora nambari nane ndani ya maji, huenda yule aliyefuata kimyakimya akashawishika dakika ya mwisho.

Siku hiyo alirusha pengine mara mia mbili. Mimi nilikaa kwenye benchi, mikono mifukoni. Fimbo sikuigusa, kwani sheria ya huko humtaka mgeni mzima awe na leseni. Mtoto wa pale asiyetimiza miaka 16 hana haja nayo. Hatukupata kitu. Siku ya tatu vilevile, ila jua lilipokaribia kutua aliniita kwa mkono, nami nikasogea nikaona kivuli kikija nyuma ya chambo bila haraka yoyote. Kikasimama. Niliyaona macho yake. Kisha kikazama bila hata kutikisa maji, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kupumua.

Kijana akatoa daftari mfukoni akaandika. Nikamwomba nilione.

Hapo, ndugu zangu wasomaji, ndipo uamuzi niliokuwa nimekwisha kuufanya nusu ulipoanza kuyumba. Daftari lile lilikuwa na miaka miwili ndani yake. Kila safari ya ziwani ilikuwa na tarehe, upande wa upepo, joto la maji, hali ya mawingu, saa ya kuchomoza mwezi, na maelezo ya alichokiona, mistari mitano, saba, mahali pengine ukurasa mzima. Samaki huyo alikuwa amemwona mara sita, akamjua kwa kovu la pezi la mgongoni. Mimi ni mwalimu. Najua kazi ya mtoto mvivu inavyofanana, na hii haikufanana nayo. Nilimweleza kwamba babu yake naye aliufuata mwezi, kwa kuwa mwezi ndio uletao bamvua na maji mafu, na kwamba yeye aliyaweka yote kichwani kwa vile kalamu hakuijua. Kijana aliuliza bamvua ni nini. Tulirudi nyumbani tukizungumza habari za kupwa na kujaa, yeye kwa Kiingereza chake na mimi kwa Kiswahili changu, na hatukutambua kwamba tumekwishafika mlangoni.

Siku ya nne mbingu ilikuwa nzito na upepo ukivuma kuelekea gati letu. Ilikuwa imebaki kama robo saa kabla ya Magharibi. Sikumwona samaki akija. Niliona tu ncha ya fimbo ikichora nambari nane, mara ya pili, mara ya tatu, kisha maji yakapasuka miguuni petu na fimbo ikapinda hadi kwenye mpini. Kijana hakupiga kelele. Alilegeza mshipi kidogo, akauvuta, akalegeza tena, huku samaki akitoa kichwa nje na kukitikisa hata ndoana zikagongana. Haikufika dakika tano, ingawa kwangu ilikuwa ndefu. Halafu nikasikia sauti, kwa Kiswahili safi: "Mjomba, wavu! Kichwa kwanza!"

Nikapiga magoti nikamkinga kichwa kwanza.

Hakumtoa majini. Alimwacha ndani ya wavu, akachukua koleo, akazikata ndoana badala ya kuzing'oa, akamlaza kwa muda mfupi juu ya ubao wa kupimia. Inchi 51, karibu sentimita 130. Alimbeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, nami nikapiga picha moja kwa vidole vinavyotetemeka. Samaki alitoka mzima. Kijana nilimkata paji la uso.

Nikasema, "Haya, tumpelekee mamako."

Akatikisa kichwa. Sheria hairuhusu kuchukua maski asiyefika inchi 54, akaniambia, na hata angefika asingemchukua. Samaki wa ukubwa huo huenda ana umri wa miaka 15 au zaidi, kumpita yeye mwenyewe. Maski wa maziwa ya mji ule huletwa wakiwa wadogo na idara ya maliasili ya jimbo na kuachiliwa humo wakue. Tena idara ya afya huwaonya wanawake wenye kutarajia kuzaa, na watoto, wasimle kabisa kwa ajili ya zebaki iliyomo mwilini mwake. Yote hayo ni kweli na yote nilifahamu. Lakini mimi nimekulia nyumba ambayo msimu wa kusi bahari ikichafuka tulikula sima kwa chumvi, na kumwona mtoto wetu akimwinamisha samaki mkubwa vile arudi majini kulinichoma mahali ambapo hoja hazifiki. Nikatamka neno ambalo hadi leo naliona zito: "Babu yako alilala njaa ili mamako ale, na wewe unaimwaga riziki."

Hakunijibu. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, mikono ndani ya maji ya baridi hadi viwiko, amemshika samaki kwenye shina la mkia, akimngoja apate nguvu. Vidole vyake viligeuka vyekundu. Muda ulipita. Mwishowe mkia ukapiga mara moja na kile kivuli kikaondoka taratibu, kama kilivyokuja jana yake.

Ndipo alipoketi na kuniuliza kama babu hakuwahi kumrudisha samaki hata siku moja.

Ningependa kuwaambia kwamba hakuwahi. Lakini alikuwa akiinua dema, akatoa tafi wadogo akawatupa baharini, na kamba mwenye mayai hakumgusa hata tulipokuwa na shida, nasi watoto tukimnung'unikia njia nzima. Nilimweleza hivyo. Akaliandika.

(Swali la kama inafaa kumnasa kiumbe kwa ndoana bila nia ya kumla nimewauliza walio na elimu kunipita, na sitalifungua hapa. Kijana nimempa jibu nililopewa, naye analitafakari.)

Nyumbani dada aliitazama ile picha muda mrefu. Akachukua utepe wake wa kushonea akapima inchi 51 juu ya meza ya jikoni, akaweka mkono mwanzo na mwisho. Miaka yote aliyopita karibu na ziwa lile, akasema, hakujua lina kitu kama hiki. Baada ya Isha, kijana akiwa amelala, nilimwonyesha daftari kwa idhini ya mwenyewe, nikamwambia nionavyo: asirudishwe mwaka huu, daftari lipelekwe kwa yule mwalimu wa Kiingereza alione, na likizo ndefu ijayo aje Takaungu miezi miwili, kama mgeni anayekuja kwao, si kama mfungwa. Dada akacheka, akasema nimehongwa na samaki. Kisha akalia. Alama bado ni mbaya, akasema, na mimi ninaondoka Jumapili, na yeye ndiye abakiye naye.

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa ni kweli.

Ziwa Harriet sasa limeganda. Mwalimu alilisoma daftari na amemkubalia aandike habari za ziwa badala ya zile alizopangiwa. Alama moja imepanda, mbili ziko palepale. Tikiti ya kumrudisha moja kwa moja dada hajainunua, wala hajasema kwamba hatainunua. Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa simu, wa Kiswahili, wenye makosa matatu ya tahajia: anataka kujua bamvua la Julai Takaungu litaangukia tarehe ngapi, na kama mzia hupatikana wakati wa kusi.