Maiti wa Pompeii

Ukijaliwa kufika Italia, msomaji, usiache kuzuru Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Uko karibu na Naples, nao ni mahame yaliyo wazi kwa jua. Vivuli ni vichache, basi chukua kofia.

Njia zake zimetandazwa mawe, na magurudumu ya mikokoteni yameyachimba mifuo. Mahali mahali yamewekwa mawe yaliyoinuka, ili mtu avuke bila kukanyaga uchafu, na gurudumu lipite kati yake. Niliyavuka mara tatu bila ya haja. Mahekalu siyaelezi, yana wasimulizi wa kutosha.

Lililonishughulisha ni maiti. Watu waliokufa siku zile walifunikwa na majivu; majivu yakawa magumu, miili ikaoza, pakabaki uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alimimina plasta katika uwazi huo, nayo ilipokauka umbo likatokea: mikunjo ya nguo, mkono uliofunika uso. Mifupa ingalimo ndani. Basi kitu kile si sanamu tupu wala si kaburi tupu. Katika Bustani ya Wakimbizi wamelala 13 nyuma ya kioo, wakubwa kwa watoto, na wageni huwapiga picha. Nilitazama, nikaona haya kutazama, kisha nikatazama tena.

Katika nyumba moja alionekana mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu, pamoja naye mtoto. Kwa miaka mingi waliitwa mama na mwanawe, na walimwengu wakawalilia kwa jina hilo. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vinasaba vilivyotolewa katika mifupa: mtu yule alikuwa mwanamume, wala hakuwa na nasaba na mtoto yule. Bangili ilitudanganya, au niseme, tulijidanganya kwa bangili.

Alikuwa nani kwake, basi? Mlezi? Jirani? Mpita njia aliyemwokota mtoto wa mwenziwe gizani? Kwangu mimi kisa hiki kipya ni kizito kuliko cha kwanza, maana mama kumkumbatia mwanawe ni jambo tunalolitazamia. Karibu theluthi moja ya mji ule haijafukuliwa hata leo.